Peni Ishirini na Tisa

Jumatatu, 23 Agosti 1971. Halifax, Uingereza.

Siku nane zimebaki. Jumanne ijayo peni kubwa za zamani zinakufa rasmi, duka halitazipokea tena. Watu wanazitupa kama maganda! Wajinga. Mimi, Wilf Barraclough, kondakta wa basi kwa miaka thelathini na mmoja, sasa mstaafu, nitazikusanya zote. Baada ya miaka kumi tu watazililia, nami nitaziuza kwa bei nitakayo. Makopo manne ya biskuti tayari yamejaa. Nimeyaficha nyuma ya kabati la vyombo. Kopo la nne limeanguka. Enid, mke wangu, akauliza kutoka jikoni kimevunjika nini. Nikamwambia ni paka. Akanikumbusha kwamba hatuna paka.

Enid macho yalimwishia miaka sita iliyopita. Vidole vyake, lakini, hakuna wa kuvidanganya. Peni ya zamani anaijua kwa upana wake, sarafu ya peni tatu kwa pembe zake kumi na mbili. Tangu Februari walipotuletea pesa mpya hana raha. Anasema hizi si pesa, ni vifungo vya shati. Juzi alimpa muuza maziwa kifungo kweli. Akakipokea.

Jumanne, 24 Agosti

Balaa! Clifford Sugden naye anakusanya. Huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mgane, mpeleka barua mstaafu, na mtu wa kujiona. Tena ana toroli! Nimemkuta akitoka kanisani na peni zote za sanduku la sadaka. Amembadilishia mchungaji kwa noti. Mimi nilipanga kwenda kesho.

Akasimamisha toroli mlangoni kwangu makusudi. "Wilf, ulizoea watu kukupa peni ukivaa kofia. Bila kofia hawakupi, eti?" Jibu zuri sana lilinijia baadaye, nikiwa bafuni.

Jumatano, 25 Agosti

Bahati! Nilikuwa natafuta soksi, nikafungua droo ya Enid kwa makosa. Glavu ya sufu, nzito kama jiwe. Ndani yake peni tupu! Nyingine za Malkia Victoria, zimelika hadi pua yake haionekani. Bila shaka aliziweka za dharura akazisahau. Sikutaka kumsumbua kwa maswali. Wala sikuzihesabu. Zilikuwa nyeusi mno, kwa hiyo nikazitia siki na chumvi, nikazisugua kwa mswaki (wake, Mungu anisamehe). Sasa zinang'aa kama jua!

Enid akasema nyumba nzima inanuka chipsi zilizotiwa siki. Ikabidi niende kununua chipsi ili niwe mkweli.

Alhamisi, 26 Agosti

Leeds, kwa mnunuzi wa sarafu za kale. Akazitazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akaweka kioo chini akanitazama mimi. Aliuliza nani amezisugua. Nikajibu ni mimi, kwa fahari. Akasema zilikuwa peni za kawaida. Sasa ni peni za kawaida zilizochunwa ngozi, na hakuna mkusanyaji atakayezigusa.

Nauli imepotea bure. Lakini kwenye treni wazo likanijia. Clifford! Nikamwambia ni toleo maalumu la kung'aa, nadra kuonekana. Akatoa noti ya pauni bila kukohoa. Nimepiga mluzi hadi wakati wa chai.

Ijumaa, 27 Agosti

Sina hamu ya kuandika.

Leo Enid amefungua droo. Akaketi kitandani, glavu tupu mapajani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wilf," alisema, "humu mlikuwa na peni ishirini na tisa."

Ishirini na tisa.

Novemba 1938. Msichana wa kiwanda cha mazulia, kofia ya kijani, nauli peni moja kila asubuhi. Wiki tatu sikuthubutu hata kumsalimia. Siku moja akanipa nusu krauni, yaani peni thelathini. Shilingi za chenji nilikuwa nazo tele mkobani. Nikamrudishia kwa peni, moja moja, kiganjani mwake, ili azidi kusimama karibu nami. Nilipofika kumi na saba nikajifanya nimepoteza hesabu. Nikaanza upya. Akapitwa na kituo chake, akakatwa mshahara wa nusu siku. Werevu wangu mkubwa kuliko wote maishani!

Sikujua kwamba alizitunza.

Jumamosi, 28 Agosti

Nimekwenda kwa Clifford na noti yake mkononi. Nikasema ukweli wote: hazina thamani, nilikudanganya, nirudishie. Akatabasamu. Akasema sasa ni pauni tano. Nikaapa kwamba ni takataka. Pauni kumi! "Mtu haapi hivyo kwa ajili ya takataka, jirani." Kadiri nilivyozidharau ndivyo zilivyopanda bei. Nikamtukana, akafunga mlango. Nikamtukana kupitia tundu la barua mlangoni. Akanijibu kupitia tundu lilelile, na kwa matundu ya barua hakuna anayemshinda.

Jumapili, 29 Agosti

Tulipotoka kanisani nilimwambia Enid yote. Siki, Leeds, Clifford. Akauliza jambo moja tu: nilisugua kwa mswaki wa nani? Nikakiri. Akachukua fimbo yake. Nikataka kumshika mkono, akakataa. Mlango wa Clifford ni hatua kumi na moja, anazijua.

Nikamfuata kwa mbali, nikajibanza karibu na pipa la taka. Nikamsikia akimsimulia Clifford habari za basi, kofia ya kijani, nusu krauni. Akafika kwenye kumi na saba.

"Nilijua kwamba hajapoteza hesabu," akasema. "Midomo ilikuwa inamtetemeka. Na kile kituo changu nilikiona kikipita, Clifford. Nikakiacha kipite."

Miaka yote hii nimedhani nilimpata kwa hila!

Kisha Clifford akapenga kamasi kwa kishindo. Akasema marehemu Marjorie wake naye alikuwa na vitu vyake kwenye droo, na hajawahi kuifungua. Akaniita nitoke kwenye pipa, kwamba alikuwa ananiona muda wote. Halafu akapindua toroli juu ya zulia la sebuleni. Peni kama elfu mbili, za kahawia kama matope, na zangu zinametameta katikati! Tukapiga magoti wote watatu. Mimi na Clifford tulitafuta kwa macho, Enid kwa pua. Alisema siki haifichiki.

Tukapata ishirini na nane.

Clifford akainamisha kichwa. Jana alibanwa na haja kwenye kituo cha mabasi. Mlango wa choo pale haufunguki bila peni. Akaingiza mkono mfukoni, ikatoka hiyo. Nusura nimrukie. Enid akaanza kucheka, akacheka hadi akashika meza.

Clifford akachagua nyingine katika zake, akampa. Enid akaizungusha kwa kidole gumba, polepole.

"Ukingo bado mkali," akasema. "Hii changa. Imezaliwa baada ya harusi yetu."

Mimi na Enid hatukujaaliwa mtoto.

Akaitia glavuni pamoja na zile nyingine, akaifunga kwa uzi. "Haya, ikae na wazazi."

Nililitoa nje lile toroli, nikalitazama. Ni toroli zuri. Nilikaa nalo muda mrefu.

Jumanne, 31 Agosti

Peni imekufa leo. Kwa amri ya Enid nimepeleka makopo yote manne benki. Karani alinipokea kana kwamba nimemletea samaki wa wiki jana. Jioni Clifford alikuja kunywa chai, akaleta keki na mswaki mpya. Enid alimwonyesha jinsi ya kupima uzee wa peni kwa kidole. Clifford alikosea kila mara. Nimemwahidi Enid, mbele ya shahidi, kwamba mipango yangu imekwisha.

Jumatano, 1 Septemba

Jana kwenye foleni ya benki nimesikia jambo kubwa. Tukijiunga na soko la Ulaya, inchi na futi zitaondolewa. Zitakuja mita! Inchi, jamani! Watu watazililia! Na leo asubuhi, kama vile imeandikwa, duka la vifaa vya shule huko chini lilikuwa linafungwa. Nimenunua rula mia tatu za inchi, kwa pesa zote za makopo. Ningefanyaje, niache mtu mwingine atajirike?

Enid asijue. Nimezipanga chini ya godoro, upande wake, kwa kuwa upande wangu umejaa. Amelalamika kidogo kwamba kitanda kimekuwa kigumu.

Nimemwambia ni uzee.