Kulisha Maji Matupu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mdomo umeniponza. Mfamasia wa ng'ambo ya barabara kaleta makoti yake meupe yafuliwe, kama kila Jumatatu. Nikayapokea kwa mikono miwili, kama kila Jumatatu. Kwa kawaida tunazungumzia madoa. Leo akasimama. Kasema tangu afiwe na mumewe, miaka minne sasa, nyumba yake imepoa mno, na akiona samaki wakiogelea moyo unamtulia. Amewahi kukaa kwa Kinyozi kutazama tangi lake, lakini mashine za kunyolea zina kelele.

Kinyozi! Jirani yangu wa ukuta mmoja. Hana mke, kama mimi. Ana samaki, si kama mimi.

Nikasikia sauti ikisema samaki hata hapa wapo, huko nyuma ya duka, mwaka wa tatu huu. Sauti yenyewe ilikuwa yangu. Akafurahi sana. Atakuja kuwaona Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano. Nina miaka arobaini na saba na sijawahi kumpenda mtu hivi. Samaki sina. Nina ndoo.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua tangi la kioo, changarawe, na chujio lenye sifongo ndani. Samaki nimenyimwa! Mwenye duka ni mama mmoja mkavu, nimempa jina la Mama Matangi. Hamuuzii samaki mtu mwenye tangi jipya. Anasema uchafu wa samaki hugeuka sumu, na kwenye maji mapya hakuna wa kuila hiyo sumu. Lazima kwanza vijidudu vizuri viote kwenye sifongo. Vya kwanza hula sumu ya kwanza, vikaacha sumu ya pili. Vingine hula ya pili, vikaacha kitu cha tatu ambacho samaki wanakivumilia. Hapo ndipo maji yameiva. Mimi kazi yangu ni kutia chembe za chakula kila asubuhi zioze, na kusubiri wiki tano au sita.

Wiki sita! Nina siku kumi na moja. Nikamwuliza kama hana samaki waliozoea shida. Akaniuliza kama kuna kitu kingine nataka kununua.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mpiga pasi wetu, kacheka mpaka kaunguza kola ya mteja.

Alhamisi, 6 Machi

Maji yamekuwa meupe kama ya mchele uliooshwa. Mimi ni dobi! Miaka ishirini na mbili watu wananiletea uchafu ili niuondoe. Nikavumilia tangu asubuhi hadi saa sita. Saa sita na robo nikamwaga yote, nikasugua kioo, nikaosha changarawe mara nne, nikajaza upya. Yaling'aa! Nikaenda kumweleza Mama Matangi kwa fahari.

Kumbe ule weupe ulikuwa dalili ya uhai kuanza. Nimerudi siku ya kwanza. Dada kasema mkono wangu na tambara havijawahi kuachana, na ndiyo maana sina mke.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata akili. Mama Matangi anauza samaki ukimpelekea maji yakapita vipimo vyake vya matone. Hajasema maji yatoke wapi. Nikanunua maji ya kunywa ya chupa, nikayamimina kwenye mtungi wa jemu, nikampelekea.

Sumu ya kwanza: hakuna. Sumu ya pili: hakuna. Nikaanza kuchagua samaki kwa macho. Akapima kile cha tatu. Hakuna. Akaweka kichupa mezani polepole. Kasema maji yaliyoiva lazima yawe na hicho cha tatu, maana ndicho alama kwamba kuna waliokula. Haya yangu, kasema, hayajawahi kukutana hata na sisimizi. Akaniuliza nimeyanunua duka gani.

Watu wawili waliokuwa wananunua konokono walinitazama. Nimerudi nyumbani nikayanywa.

Jumanne, 11 Machi

Dada kanipa wazo, na linaniuma kwamba ni zuri. Sifongo la tangi la zamani limejaa vijidudu tayari. Ukilihamishia kwako, siku zinapungua. Tangi la zamani ni la nani? La Kinyozi.

Nikaenda kunyolewa. Nywele sikuwa nazo za kutosha, akanyoa hivyo hivyo. Nikazunguka, nikasifu kiti, nikasifu kioo, mwisho nikaomba. Akakata nusu ya sifongo lake papo hapo, akanifungia kwenye mfuko na maji yake. Hakuuliza kitu. Wema wake umeniudhi siku nzima. Akanisisitizia mara tatu: usilioshe.

Nikafika dukani, nikalitoa. Loo! Kahawia, lina utelezi, linanuka matope. Nikasema nitalitazama tu. Kilichofuata sikikumbuki vizuri. Mikono ilikwenda yenyewe. Maji moto, sabuni ya unga, suuza mbili, kamua. Nilipozinduka nilikuwa nalibana kambani kati ya shuka mbili.

Jeupe pe! Vijidudu vyote vimekufa kifo cha usafi. Nimekaa juu ya kapu la nguo na nimekaribia kulia.

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ndiyo kesho. Mpango wa mwisho: samaki wawili wa plastiki, wanavutwa na uzi wa kushonea. Mmoja kalala chali na hataki kugeuka. Mwingine anasukumwa na maji ya chujio anagonga kioo, ko, ko, ko. Dada kasema afadhali nimwambie mgeni kwamba samaki wamesafiri.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Mwishowe nimewatoa wote wawili.

Jumamosi, 15 Machi

Aliahidi saa kumi jioni. Akaja saa nne asubuhi! Alinikuta nimeinama, natia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na kitu.

"Unamlisha nani?"

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Wote umeniponyoka. Nikasema nalisha vijidudu. Baada ya hapo kila kitu kikamwagika: ndoo, maji ya chupa, sifongo kambani, samaki wa plastiki. Sikuacha hata uzi. Yeye akavuta kigoda akakaa. Nikatazama viatu vyangu. Niliogopa kuliko siku nilipochanganya shela ya bi harusi na soksi nyekundu.

"Kwa hiyo kila asubuhi unaamka kulisha maji matupu," akasema, "ili mimi nipate pa kukaa nikatulia?"

Nikasema ndiyo. Tena nikaongeza kwamba siku moja nilisahau, maana nilitaka kuwa mkweli kabisa.

Akacheka. Alicheka akashika ukingo wa tangi. Halafu akanitazama usoni.

"Usinidanganye tena. Hilo tu."

Nimeapa. Kwa moyo wote nimeapa. Kasema kusoma rangi za vipimo ni kazi yake, na vijidudu anavielewa kuliko watu, kwa hiyo atakuwa anakuja kila Jumamosi tupime pamoja. Kila Jumamosi! Nimepiga pasi mashati kumi na manane nikiimba, na dada hakusema neno.

Jumamosi, 22 Machi

Sumu ya kwanza imepanda sana. Mfamasia kafurahi utadhani ni habari ya mtoto kuzaliwa. Kaleta biskuti. Tumekaa mbele ya maji machafu saa moja na nusu. Kanisimulia habari za mumewe, alikuwa mtu wa utani. Sikuwa na wivu. Nilikuwa nao kidogo.

Jumamosi, 29 Machi

Ya kwanza inashuka, ya pili imepanda, kipimo zambarau tupu. Sifongo limegeuka kahawia. Sijaligusa! Dada amefungia sabuni kabatini na ufunguo anatembea nao. Mkono wangu ulipoanza kuelekea kwenye kioo na kitambaa, mfamasia kaushika. Hakuuachia mara moja.

Kinyozi kachungulia mlangoni, kaona, kaenda zake. Kesho nitampelekea mataulo yake, na kufua ni bure.

Jumamosi, 12 Aprili

Yameiva! Ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Cha tatu kipo, rangi ya chungwa kabisa. Tulikwenda naye kwa Mama Matangi na mtungi wetu wa jemu. Akapima mara mbili. Akanitazama. Akapima tena. Kisha akatuuzia samaki sita wadogo, wekundu mkiani, na nadhani alitabasamu, ingawa ningeulizwa mahakamani nisingeapa.

Tukawaachia majini. Wakazunguka changarawe, wakaonjaonja sifongo, wakakaa kama waliozaliwa humo. Wote sita wazima hadi jioni. Mfamasia alikaa karibu yangu muda mrefu, bega lake kwenye bega langu. Sijawahi kuwa na Jumamosi kama hii.

Kisha akaanza kukusanya vichupa vyake vya vipimo, kimoja kimoja, anavitia mkobani. Moyo ukanishuka. Maji yameiva! Cha kupima hakuna tena! Sasa atakuja kufanya nini hapa? Kuleta makoti?

"Nilikuwa nafikiri," akaanza, "Jumamosi ijayo, mimi na wewe..."

Sikumpa nafasi. Niliogopa mwisho wa sentensi. Nikamwambia Jumamosi ijayo lazima aje aone nyuki wangu. Mizinga minne, kwenye paa la kaka yangu. Mwaka wa tano huu.

Akanitazama, mdomo umebana kama mtu anayezuia chafya. Akasema vizuri, atakuja, tena atakuja na mama yake.

Jumapili, 13 Aprili

Mambo ni mazuri. Seremala wa kona ya pili ana mzinga mmoja mtupu, na kaka kakubali paa baada ya maneno kidogo. Mingine mitatu nitasema iko kwa fundi. Seremala anasema nyuki hawaletwi. Unatundika mzinga, unasubiri, wakipenda watakuja wenyewe, pengine baada ya miezi miwili. Nina siku sita. Nikamwuliza kama hawajui nyuki wenye haraka.