Daktari Wako Ananisalimia Juu ya Ukuta

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mifugo

Ndugu Mkuu,

YAH: KUKU WANGU KUTIBIWA KWA SIMU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe wa ofisi. Mimi ni mama mzazi wa daktari wako wa mifugo, yule binti mrefu mwenye mwandiko mzuri, aliyeshika nafasi ya pili chuo kizima. Wa kwanza alikuwa anarudia mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Mimi shule niliiacha njiani, lakini sikuiacha yote.

Kuku wangu anaumwa. Tunamwita Shangazi, kwa sababu hakuna nyumba mtaani asimoingia kuulizia mambo. Tangu Alhamisi amejikunyata nyuma ya pipa la maji, mabawa yameanguka, macho nusu, na pumba nikimwekea anazigeuzia shingo kama mkwe aliyenuna. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimpigia simu daktari wako. Badala ya kuja, akaniuliza umri wa mgonjwa, amekunywa maji mara ngapi, na choo chake kina rangi gani. Nikasema kijani. Akasema, "Kijani gani, Mama?" Ndugu Mkuu, choo chake yeye nilikisafisha miaka miwili na sikumsumbua mtu kwa maswali.

2. Akataka picha. Simu yangu ni ya vitufe, haina macho. Ikabidi nimwombe fundi cherehani, jirani yangu, aache suruali ya mteja aje kuinama bandani kupiga picha kinyesi. Sasa mtaa mzima unajua. Tangu binti yangu ahitimu naitwa Mama Daktari. Juzi nimeitwa Mama Daktari wa Simu.

3. Hili ndilo lililonichoma. Jumamosi alikuja mtaani kwetu, kumtibu mbuzi wa muuza mkaa, nyumba ya tatu kutoka kwangu! Alipomaliza akasimama nje ya ukuta wangu: "Shikamoo, Mama. Siingii, buti zangu zimetoka kwa mgonjwa, nitawaletea kuku wako ugonjwa mwingine." Nikamwambia avue. Akasema hata ovaroli ina hatari. Nikamwambia avue na ovaroli, kanga ninazo tano. Akacheka, akanipitishia pakiti ya dawa juu ya ukuta, akapanda gari la ofisi. Chai niliyompikia niliinywa mwenyewe, vikombe viwili, bila kiu.

4. Mara ya mwisho kulala nyumbani ilikuwa kabla hamjampa hizo buti. Miezi mitano. Nikimwita ananijibu, "Kazi, Mama. Wanyama hawajui Jumapili." Sikatai. Lakini na mimi ni kiumbe mwenye uhai, na niko ndani ya eneo lake la kazi.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema hamgangi kuku wa mama yake.

Kwa hiyo naomba, kwa barua yenye muhuri, umhamishie hapa kwangu siku saba, amwangalie mgonjwa asubuhi na jioni. Chumba chake nimekifagia, chandarua nimekifunga, na ndoo ya kuoshea buti iko mlangoni pamoja na sabuni, asipate pa kutokea. Kama siku saba hazitoshi, nina kuku wengine wanane ambao sina hakika na afya zao. Tukimaliza kuku, kuna paka. Tukimaliza paka, kuna mgongo wangu.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa dereva, aliyeshuka garini akaniamkia kama mtu aliyelelewa, na karani wa mapokezi, ambaye hunikatia simu kwa adabu sana.

Ni mimi, mwenye uchungu wa kuku na wa mtoto,
Mama Daktari

Tanbihi: Shangazi amepona tangu jana. Nilimpa ile dawa na kufuata maelekezo ya simu neno kwa neno, na leo asubuhi amefukua miche yangu yote ya mboga. Sikushangaa, daktari wake si unamjua? Ila nakuomba, mzazi kwa mzazi, usimwambie. Mwambie hali si nzuri, lakini si mbaya ya kumkimbiza, ili apate nafasi ya kufunga nguo za siku saba.