Kibuyu Changu Nilichokinunua Kanisani

Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima. Nitawaambia yote, lakini ngojeni kwanza nianze na jogoo.

Wengi wenu katika hii grupu ya wazee hamkumjua mama yangu. Tulikuwa tunakaa Kanyangi, kabla sijahamia huku Kwa Vonza. Mama alikuwa na jogoo mwekundu, mkali, anafukuza hata mbwa. Baba alitaka sana kumla. Mama akakataa, akasema huyo ndiye askari wetu. Basi siku moja tukaenda harusi Tawa, nyumba tukamwachia jogoo. Kurudi, mlango umelala chini. Wezi wamebeba blanketi, sufuria, jembe, viatu vya baba vya kanisani, na askari mwenyewe wamembeba.

Baba akakaa chini akashika kichwa. Mama hakulia. Aliangalia juu ya mafiga, pale vibuyu vya mbegu vinaning'inia vyeusi kwa moshi. Vilikuwepo vyote. Akashusha kimoja, akatoa gunzi la mahindi lililokiziba, akaingiza vidole ndani ya kunde na jivu, akatoa mshahara wa baba umefungwa kwa kitambaa. Huo mshahara baba alikuwa ameutafuta wiki mbili. Alikuwa ameshamnunia ndugu yake akidhani ndiye aliyeuchukua. (Baba alifurahi siku hiyo. Kesho yake akaanza kuuliza maswali. Hiyo ni hadithi nyingine.)

Mimi nilikuwa mdogo, lakini niliweka akilini kwamba mwizi hagusi kibuyu cha mbegu.

Sasa tuje kwa simu. Mnajua nilinunua ile kubwa ya kugusa kioo. Miezi mitatu iliyopita mtu nisiyemjua akaniingiza kwenye grupu fulani. Nafikiri alikosea namba. Kuangalia, watu karibu mia mbili, na picha zao ni mbwa, nyani, simba, chura. Nikasema hapa ni kwa wafugaji. Nikakaa. Na hata ningetaka kutoka, nitatokaje? Kwetu mtu haondoki penye watu bila kuaga, na kuaga watu mia mbili mmoja mmoja ni kazi ya siku mbili.

Asubuhi wote wanasalimiana. Na mimi nikawa nasalimia, kila mtu kwa jina lake, namuuliza kwake kumeamkaje, mvua imenyesha, ng'ombe wako vipi. Wakanipa jina, Mzee wa Salamu. Baada ya wiki ndipo nikaelewa hakuna mwenye ng'ombe hata mmoja. Hao watu wananunua sarafu za mtandao. Koini. Hazishikiki, hazina picha ya rais, zinakaa ndani ya simu. Na kila siku wanasema tunaenda mwezini. Nikauliza tutafika lini. Wakacheka sana. Nikacheka na wao, ingawa nilikuwa nataka jibu.

Kiongozi wao tulimwita Mwalimu. Sijawahi kuona uso wake, picha yake ni simba amevaa miwani. Nilimuuliza swali moja, na nimekuwa nikiuliza hilo hilo kwa miezi mitatu: bei ya hii kitu inapandishwa na nini? Mbuzi ninajua. Mbuzi akinenepa, bei inapanda. Koini inakula nini? Mwalimu alikuwa ananitumia picha za mistari, mingine ya kijani, mingine myekundu. Naiangalia, nasema asante. (Nilitoka shule darasa la nne. Mistari ninayojua ni ile ya kuchapwa.)

Nikauza beberu sokoni. Elfu kumi na nne. Mke wangu, Mama Mwende, nikamwambia elfu kumi na moja. Zile tatu nikanunua koini. Ndiyo, nilidanganya. Nilitaka zikue kwanza, halafu nimshangaze.

Simu ikanipa maneno kumi na mawili. Mwalimu akasema: andika kwenye karatasi, usipige picha, ficha mahali mwizi hafiki, usimwonyeshe mtu hata mke wako. Mwenye hayo maneno ndiye mwenye pesa, hata akiwa nchi gani. Maneno yenyewe ni ya Kizungu, hayafuatani, ni kama mtu anaota na homa. (Siyataji hapa. Hata mimi ninajifunza, polepole.)

Mahali mwizi hafiki ninapajua tangu utotoni. Nikashusha kibuyu kikubwa cha kunde juu ya jiko, nikasukuma karatasi mpaka katikati, nikarudisha gunzi. Nikalala vizuri miezi miwili. Mwizi hakuja. Nilichosahau ni kwamba mama yangu alikuwa anaficha kwa kibuyu chake mwenyewe. Mimi nilificha kwa kibuyu cha mke wangu.

Leo ilikuwa Jumapili ya mavuno.

Kwa yule asiyejua kwetu inakuwaje: kila mtu analeta kitu cha shamba, kinawekwa mezani mbele, na baada ya mahubiri kinauzwa kwa mnada, pesa inaenda kwa paa la kanisa. Hapo hakuna bei ya soko. Yai moja linaweza kwenda shilingi mia tano, na aliyelinunua anapigiwa makofi. Nimefika nimekaa kwa benchi langu, natazama meza. Malenge. Ndizi. Kuku wawili wamefungwa miguu. Na katikati, kimepakwa mafuta mpaka kinang'aa, kibuyu changu.

Nikamtafuta Mama Mwende kwa macho upande wa akina mama. Akanitabasamia. Alikuwa ametoa kizuri kuliko vyote.

Sikusikia mahubiri. Najua tu yalikuwa marefu.

Mnadishaji alikuwa Shemasi Kilonzo, mtu wa maneno mengi. Mbele yake kulikuwa na simu imesimamishwa kwa fimbo, inapeleka picha kwa watu wetu walio Nairobi ili nao wanunue. Akauza malenge, akauza kuku, akashika kibuyu changu, akakitikisa sikioni.

"Hizi ni kunde za Mama Mwende. Wacha tuone kama hazijaingia wadudu."

Akatoa gunzi. Akamwaga kidogo mkononi. Kunde, jivu, na karatasi.

"Kumbe kuna barua," akasema. Akaifungua, akavaa miwani, akageukia ile simu ya Nairobi. "Wapendwa, imeandikwa namba moja mpaka kumi na mbili. Namba moja inasema..."

Akataja neno la kwanza.

"Usisome!" Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama. Mtoto fulani akaanza kulia.

Pasta akaja mbele polepole. Ni mtu mpole, na huo upole wake ndio umenimaliza.

"Mzee Musyoka, hii karatasi ni yako?"

"Ni yangu, Pasta."

"Ni ombi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. "Ni ombi," nikasema.

"Kati yako na Mungu?"

"Kati yangu na Mungu."

Akina mama wakasema mmmh. Pasta akachukua karatasi bila kuiangalia, akaikunja, akairudisha ndani ya kibuyu. "Basi isisomwe," akasema. "Ombi la mzee limewekwa ndani ya mbegu. Hilo ni jambo zuri sana. Atakayenunua hiki kibuyu, yeye ndiye ataenda nalo nyumbani na kuliombea kwa mwaka mzima."

Hapo ndipo nilianza kutoka jasho.

"Mia tatu," nikasema.

Watu wakageuka. Mzee ananunua kunde zake?

"Mia nne," mtu akasema nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka. Ni Mutua, jirani yangu, mwenye posho mill, kile kinu cha kusaga unga. Tumeshindana tangu tukiwa watoto. Yeye aliacha shule darasa la tatu, kwa hivyo kwa masomo nilimshinda, na hajawahi kunisamehe. (Mutua, najua uko humu na unasoma. Soma tu.)

"Mia tano."

"Elfu," akasema Mutua.

Makofi. Shemasi Kilonzo akainama kwa ile simu. "Kuna dada yetu Nairobi anasema elfu mbili."

"Huyo hata hajakiona vizuri," nikasema.

"Amesema elfu mbili, mzee."

"Elfu mbili mia tano."

"Tatu," akasema Mutua.

Nikageuka sasa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mutua, wewe hata hupendi kunde. Zinakuvimbisha tumbo."

"Sitaki kunde," akasema. "Nataka kile unachotaka."

"Na hujui ni nini."

"Sijui. Lakini naona vile unatoka jasho."

Wazee wenzangu, hapo kwa benchi nilipata jibu langu la miezi mitatu. Ile kunde haikuongezeka hata punje moja. Haikunenepa. Ilitoka mia tatu ikafika elfu tatu kwa sababu mimi nataka, na Mutua ameniona nikitaka, na yule dada wa Nairobi amewaona wawili wakitaka. Mistari yote ya kijani ya Mwalimu ilikuwa ni Mutua.

Lakini kuelewa hakukunisaidia. Karatasi ilikuwa bado ndani.

"Tatu mia tano." "Nne," akasema Nairobi. "Nne mia tano." "Tano," akasema Mutua, na sasa akina mama wanaimba kidogo. Nikasema sita. Nilisema sita kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango.

Mutua akakaa. Akakunja mguu, akatabasamu. "Chukua, mzee. Mungu akujibu."

Nairobi ikanyamaza pia. Kilonzo akahesabu mpaka tatu, akanipa kibuyu changu.

Jana niliangalia zile koini kwenye simu. Zilikuwa za shilingi elfu nne.

Kwa simu yangu nilikuwa na pesa ya kukodisha ng'ombe wa kulima, mnajua mvua iko karibu. Ilikuwa elfu nne na mia mbili. Nikasimama hapo mbele, nimebeba kibuyu, nabonyeza simu kama mtu anayetafuta namba ya daktari. Kilonzo akauliza kama kuna shida ya mtandao. Nikasema ndiyo, mtandao. (Uongo wa pili ndani ya kanisa. Nilikuwa nahesabu.)

Mama Mwende akatoka upande wa akina mama. Hakuharakisha. Akafungua fundo la leso, akatoa pesa yake ya mayai, akahesabu elfu moja na mia nane juu ya meza, noti za hamsini nyingi.

"Sasa ni chetu wawili," akaniambia.

Pasta akafurahi sana. "Mama, basi anza wewe kuombea hilo ombi, hapa hapa."

Akaingiza vidole, akatoa karatasi. Yeye alifika darasa la saba, anasoma kuliko mimi. Akaisoma kimya, kutoka juu mpaka chini. Akaniangalia. Akaisoma tena. Ile simu ya Nairobi inatazama. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya kuku aliyeuzwa.

Akaikunja, akafunga macho.

"Mungu," akasema, "mimi nimesoma hii, na sijaelewa kitu. Na nimeishi na huyu mtu miaka arobaini. Kama wewe umeelewa, msaidie. Kama hata wewe hujaelewa, mpe akili. Amina."

Amina ya leo ilisikika mpaka sokoni. Mutua alisema yake mara mbili.

Tulipofika nyumbani, akaweka maji ya chai, akakaa kwa kigoda, akauliza.

"Hiyo karatasi ina pesa?"

"Ina pesa."

"Ngapi?"

"Elfu nne."

"Na tumeinunua sita."

"Ndiyo."

"Kibuyu kilikuwa chetu?"

"Kilikuwa chetu."

"Na kunde zilikuwa zetu."

"Zilikuwa zetu."

Akanywa chai. "Na hizo nne zilitoka wapi?"

Nikamwambia. Beberu, elfu kumi na nne, yote. Akaangalia nje, kule banda la mbuzi lilipo. "Basi zitoe," akasema, "tupate za ng'ombe wa kulima. Shamba halingojei."

Ni sawa. Nikachukua simu, nikaenda kwa ile grupu ya nyani na mbwa. Nikawasalimu wote. Nikauliza, wapendwa, hizi koini zinatoka vipi? Nahitaji kulima.

Wakajibu upesi kuliko siku zote. Usiuze, mzee. Shikilia, mzee. Mmoja akatuma picha ya mikono imeshika almasi. Mmoja akasema wanaouza ni waoga. Nikauliza tena mlango wa kutokea uko wapi. Mwishowe Mwalimu mwenyewe akaandika: "Mzee wa Salamu, sasa bei imelala. Leta marafiki wawili waingie. Wazee wenzako wana mbuzi, sivyo? Wakiingia, bei inapanda, ndipo wewe utoke."

Nilisoma hiyo mara tatu, kwa sababu ya macho na kwa sababu nyingine. Nikamwona tena akilini Mutua anakaa chini, anakunja mguu, anatabasamu. Na nikajaribu kuona ni nani kati yenu angebaki amesimama mbele ya watu amebeba kibuyu.

Mama Mwende alikuwa amesharudisha karatasi ndani na kibuyu juu ya moshi. Alisema kunde zitapandwa, hata kwa jembe la mkono, na kwamba mkono huo utakuwa wangu.

Nilianza kuandika maneno ya kuaga. Mia mbili, jina kwa jina, kila mtu na nyumba yake. Nilifika kwa yule wa tatu, yule chura. Nikafuta.

Nikatafuta mahali pa kutoka kwenye ile grupu, koini zibaki zilipo. Simu ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza, nikaiweka mfukoni, nikaenda kunoa jembe. Sikuaga mtu hata mmoja. Kama kuna yeyote kule anayengoja nimuulize kwake kumeamkaje, atangoja sana.