Afisa wa Kuta Laini na Maji ya Moto ya Maliba

Umma wote wa Kasese, kuanzia mjini hadi Bwera mpakani na Kongo, ulitangaziwa kwa heshima zote kwamba enzi ya paipu kuonekana imekwisha. Tangazo lilisomwa redioni mara tatu, katikati ya matangazo ya mazishi, kwa kuwa huo ndio wakati ambao kila nyumba husikiliza. Lilisema kwamba hakuna paipu ya maji ya moto, wala fitingi yake, wala sehemu yake yoyote, itakayoruhusiwa kuonekana kwenye ukuta wa jengo la serikali. Vyote vifunikwe kwa lipu. Mwananchi aone ukuta, basi.

Aliyeandika tangazo hilo ni Nobert Kiiza, Kaimu Afisa Mkuu wa Kuta Laini. Neno "kaimu" lilikuwa limemkaa kooni miaka minne kama mwiba wa samaki. Alikuwa ameomba liondolewe. Kila asubuhi kabla ya chai alipiga magoti akamkumbusha Mungu jina lake kamili, idara, na namba ya faili. Sasa barua ilikuwa imetoka Kampala: jengo moja tu likikaguliwa na kupita, neno hilo litafutwa. Jengo lenyewe lilikuwa wodi mpya ya wazazi kwenye miinuko ya juu ya Maliba, ambako upepo wa alfajiri huwafanya hata mbuzi walale wamebanana.

Fundi wa maji alikuwa Kathembo wa Bwera, mtu mpole aliyejifunzia kazi ng'ambo ya mpaka. Alikuwa ameweka tangi la kupashwa na jua juu ya paa, na paipu nyeupe za plastiki zikashuka ndani ya mifereji aliyoichimba ukutani kwa tindo. Alikuwa amefika mwisho wa kazi Kiiza alipoingia kukagua.

"Afisa, paipu nafunika, haina shida," akasema Kathembo. "Lakini hizi koki?"

"Koki ni sehemu ya paipu, au si sehemu?"

"Ni sehemu. Ni ile ya mwisho."

"Tangazo linasema sehemu yoyote."

Kathembo akaitazama koki, kisha akamtazama afisa. "Sasa mutu atafungua maji namna gani?"

"Hilo ni suala la watumiaji. Sisi tunashughulika na ukuta."

"Na ile koki kubwa ya kufunga maji ya nyumba yote?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ni nyekundu."

Kathembo aliziba kila kitu, ila kwa desturi ya kazi yake aliziacha paipu zimejaa maji wakati wa kupiga lipu, ili mwiko ukitoboa mahali, ukuta useme wenyewe palepale. Ukuta haukusema neno. Kisha akatoa kipande cha mfuko wa simenti ambacho alikuwa amechora njia ya kila paipu, hatua kwa hatua kutoka mlangoni.

"Karatasi hii inaonyesha nini?" akauliza Kiiza.

"Inaonyesha paipu."

"Na paipu zinaruhusiwa kuonekana?"

Ramani ikaingia kwenye sigiri ya walinzi, ikachemsha chai. Kathembo akafunga vyombo vyake akarudi Bwera, ambako alikuwa ameahidi kazi ya kanisa.

Ni lazima isemwe kwamba ukuta ulipendeza. Ulikuwa laini kiasi kwamba Kiiza, alipokuwa peke yake, aliuegemezea shavu. Watu wenye imani ndogo tu ndio waliouliza maswali, na wa kwanza wao alikuwa Sista Medius, mkunga wa wodi.

"Afisa, maji ya moto iko wapi?"

"Iko humo. Weka mkono ukutani, utasikia joto."

"Kwa hiyo mutoto nimuogeshe kwa kusikia?"

"Sista, katika kila maendeleo kuna kipindi cha mpito."

Kipindi cha mpito kilichukua wiki sita. Akina mama waliojifungua walichemsha maji kwa kuni nje ya jengo lenye tangi zima la maji ya moto juu ya paa, na moshi wao ukaonekana mpaka kijiji cha Nyakalengija.

Mkaguzi alifika siku ya Alhamisi. Alikuwa mama mfupi anayeitwa Atim, amevaa raba na kushika fomu. Kiiza alifungua ukaguzi kwa sala ya robo saa, ambamo alishukuru kwa mchanga, kwa simenti, na kwa mikono ya viongozi.

"Amina," akasema Atim. "Paipu ziko wapi?"

Kiiza akatabasamu kwa unyenyekevu. "Hazionekani, madamu."

"Naona kwamba hazionekani. Nauliza ziko wapi."

"Ndani."

"Ndani wapi? Nionyeshe koki."

"Nazo ziko ndani."

Atim akaugonga ukuta kwa kalamu. "Bwana Kiiza, nimewahi kukagua shule yenye walimu hewa. Nimekagua barabara hewa, nikaitafuta kwa gari kutwa nzima. Paipu hewa, hii ni mara yangu ya kwanza." Akaanza kuandika. "Hilo neno la kaimu litafutwa, usiwe na wasiwasi. Litafutwa pamoja na wewe."

Kiiza akatoka nje, akampigia Kathembo simu. Nyuma ya sauti ya fundi ilisikika kwaya.

"Kathembo, ndugu yangu. Paipu zilipita wapi?"

"Zilipita penye uliniambia zisionekane, afisa. Ramani ulikunywa nayo chai. Mimi niko kanisani mpaka Jumapili. Utuombee na sisi."

Basi Kaimu Afisa Mkuu wa Kuta Laini akavua koti, akaazima nyundo na tindo kwa walinzi, akaupiga ukuta wake mwenyewe. Tundu la kwanza, matofali. La pili, matofali. La tatu alilianza kwa sala, nalo likatoa matofali. Akina mama walikuwa wameshatoka vitandani na watoto mikononi. Tundu la nne likarusha maji, yakampiga kifuani na kumlowesha tai. Akabana kidole gumba pale paipu ilipotoboka.

"Funga koki kubwa," akasema Atim.

"Iko ndani," akasema Kiiza kwa sauti ndogo.

Sista Medius alileta beseni, akaliweka chini ya mkono wa Kiiza.

"Afisa, toa kidole kidogo."

Kiiza akatoa kidole. Maji yakashuka, yenye moto wa kumfaa mtoto.

"Rudisha. Anayefuata."

Mama wa pili akasogea na beseni lake, na nyuma yake wengine watano. Walikuwa wameanza kuzoea: walisema "fungua" na "funga" bila hata kumtazama usoni. Atim akavuta kiti, akageuza ukurasa wa fomu.

"Paipu, ipo. Maji, ni ya moto. Kifaa cha kufungulia..." Akatua kalamu, akamtazama Kiiza. "Niandike wewe ni koki kamili, au bado ni kaimu?"

Sista Medius akajibu kwa niaba yake, huku anajaribu joto la maji kwa kiwiko.

"Andika kamili, madamu. Hii haivuji."