Leseni Namba Moja ya Baiskeli ya Marselino

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Kamati ya Vyombo Visivyoeleweka ambayo mimi, Adelard, ni katibu wake, nawatangazia wananchi wote, wakulima kwa wafanyakazi, kwamba suala la baiskeli ya injini ya Vingunguti limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Wanaocheka kila asubuhi inapopita kuelekea bandarini Kurasini wanaombwa waache mara moja. Kinachopita pale si kichekesho. Ni utekelezaji.

Nieleze tangu mwanzo, maana mtaani yanasemwa mengi na mengine ni ya kweli.

Ndugu Marselino alikuwa kuli bandarini mpaka kasha lilipomwangukia mguuni. Mguu ulipona vibaya na goti likagoma kukunjika. Tangu hapo yeye na mkewe Eufrazia wanaishi kwa supu. Mama anapika utumbo na makongoro nyumbani, karibu na machinjioni, na baba anawapelekea makuli wenzake wa zamani. Lakini goti lisilokunjika halizungushi pedali. Kwa hiyo Marselino alitafuta injini ya pampu ya maji iliyokwisha kufa, akaifufua, akaifunga kwenye baiskeli yake kwa vyuma vya kitanda. Sufuria ya supu ikakaa nyuma kwenye keria. Injini ikawaka na safari ikaanza.

Safari ilifika Chang'ombe. Hapo Konstebo Didas wa trafiki aliisimamisha, akaizunguka, akatoa kalamu, akakosa la kuandika.

"Hii nini?"

"Baiskeli, afande."

"Mbona inanguruma?"

"Imechoka, afande."

Didas si mtu wa kubahatisha. Aliikokota mpaka ofisini kwetu, yeye mbele, Marselino nyuma anachechemea, na supu katikati inanukia vizuri sana.

Mwenyekiti wetu, Ndugu Elinaza, aliitisha kikao siku ileile. Ni kiongozi mwenye upeo. Anaweza kuona tatizo mahali ambapo wengine tunaona mtu anakwenda zake. Aliuliza kama chombo kina kengele, kwa sababu baiskeli ni lazima iwe nayo. Kilikuwa nayo. Akauliza kama kina honi, kama pikipiki. Kilikuwa nayo pia. Kamati ikatafsiri hali hiyo kuwa ni jaribio la kujificha pande zote mbili.

Ikaja hoja ya nchi kilikotengenezwa. Pikipiki zote zinazojulikana zimetoka ng'ambo. Hii ilikuwa imetoka uani kwa Eufrazia.

"Tukiikataa," alisema Bi Genoveva, mjumbe wetu wa masuala ya siasa, "tutakuwa tumekataa kujitegemea."

"Na tukiikubali," Mwenyekiti alisema, "kila mtu atajitegemea anavyotaka."

Ililetwa chai, tukanywa. Hatimaye Ndugu Elinaza akatamka kwamba kitu hiki si baiskeli wala si pikipiki, bali ni Chombo cha Aina ya Tatu. Tulipiga makofi, kwani tangu Uhuru hakuna aliyewahi kufika aina ya tatu.

Masharti yake yalifuata kwa urahisi. Kengele na honi zipigwe kwa zamu, ili isipendelewe mojawapo. Dereva awe na leseni ya aina ya tatu. Leseni hiyo apewe mtu aliyefundishwa na mwenye leseni, akatahiniwa na mwenye leseni mwingine. Mtahini asiwe yuleyule mkufunzi, kuzuia kujuana. Kifungu hiki Mwenyekiti aliniagiza nikipigie mstari. Mwanafunzi asionekane barabarani ila mkufunzi awe amekaa nyuma yake, kwenye keria.

Bi Genoveva akauliza ni nani nchini mwenye leseni hiyo. Hapo ndipo ukomavu wa uongozi unapoonekana. Ndugu Elinaza alijipa Leseni Namba Moja palepale, bila mtihani, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye sifa za kumtahini.

Nilitoka kuwasomea wenye chombo. Eufrazia alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Sasa mume wangu atafundishwa na nani?"

"Na mwenye leseni," alijibu Mwenyekiti kutoka mlangoni.

"Ni nani huyo?"

"Mimi."

"Utamfundisha lini?"

"Nafasi ikipatikana."

"Na wa kumtahini?"

"Huyo kiutawala bado hajazaliwa."

"Ndugu Mwenyekiti, sie makuli wanatusubiri kwa supu, hawatusubiri kwa nafasi. Supu isipofika, wanangu hawali. Mie nawaambia nini?"

"Waambie suala lao linashughulikiwa."

Kuanzia kesho yake mama yule alibeba sufuria kichwani, kwa miguu, Vingunguti mpaka Kurasini. Alikuwa anafika makuli wamekwisha rudi kazini, na supu imeganda mafuta. Mara nyingi alirudi nayo, watoto wakala supu ya jana bila ugali, kwa kuwa hela ya unga ilitakiwa itoke humohumo. Mimi binafsi niliumia sana, nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba nimeumia.

Chombo chenyewe kilihifadhiwa nyumbani kwa Mwenyekiti kwa uchunguzi zaidi. Msisahau kwamba wakati ule magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana, ili taifa liokoe petroli. Peugeot ya Ndugu Elinaza ilikuwa inalala chini ya turubai, na yeye ana watu wake Mwananyamala wanaomtegemea sana siku hiyo. Katazo lilitaja magari. Aina ya Tatu halikuitaja. Kwa hiyo uchunguzi ulifanyika kila Jumapili.

Jumapili moja Eufrazia alikuwa anarudi kanisani. Alisikia injini kabla hajaiona, maana alikwisha lala nayo chumba kimoja miezi mingi ilipokuwa inafufuliwa. Alimkuta Didas kwenye njia panda, akamshika mkono wa shati.

"Afande, ile si ndiyo uliyoikamata?"

Didas alinyanyua mkono. Ndugu Elinaza akasimama, akapiga kengele, akapiga honi, akatoa Leseni Namba Moja. Nyuma yake, kwenye keria, palifungwa kreti ya bia.

"Shikamoo, mzee. Leseni ni sawa," Didas alisema. "Unakwenda wapi na mali ya uchunguzi?"

"Najizoeza ukufunzi. Nina mwanafunzi."

"Mwanafunzi yuko wapi?"

"Anaanza kesho."

"Na hii kreti?"

Mwenyekiti aliikaza kamba. "Huo ni uzito wa majaribio. Unakaa mahali pa mkufunzi."

Konstebo Didas ni kijana mwaminifu kupita kiasi. Alipiga saluti, akampongeza, usiku akaandika taarifa kwa wakubwa juu ya kiongozi anayetoa jasho Jumapili ili kumfundisha mlemavu wa kazi. Wakubwa walifurahi mno. Majibu yalikuja haraka kuliko jibu lolote nililowahi kupokea: mafunzo yaanze, na yasikatizwe hata asubuhi moja mpaka mwanafunzi atakapofaulu.

Mwenyekiti aliyasoma akiwa amesimama, halafu akakaa.

"Adelard, atafaulu lini huyu?"

"Akitahiniwa, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi nimtahini leo."

"Mkufunzi hatahini. Ni kile kifungu ulichoagiza nikipigie mstari."

"Kifutwe!"

"Kinafutwa na kikao, ukiwepo. Na vikao vyetu ni vya asubuhi. Asubuhi utakuwa kwenye keria."

Sasa kila siku alfajiri Ndugu Elinaza anafika Vingunguti na suti yake ya mikono mifupi. Keria ni ya mkufunzi, kwa hiyo sufuria haina mahali ila mapajani mwake, juu ya gunia lililokunjwa. Eufrazia humkabidhi na kumwamkia vizuri, kisha anamwambia asiitikise. Kengele, honi, kengele, honi, mpaka bandarini. Makuli wameshajipanga na mabakuli, na kwa sababu Marselino hashuki haraka na goti lile, anayegawa ni Mwenyekiti.

"Mkufunzi, ongeza pilipili!"

"Mkufunzi, mbona mie umeniwekea mfupa mtupu?"

Supu inaisha ingali ya moto. Nasikia watoto wamenenepa.

Juzi, kwa kuona huruma, nilimfuata Marselino pembeni. Nikamwambia kwamba wakubwa wanaweza kuombwa watafute mtahini wa nje, iwapo tu mwanafunzi mwenyewe atatamka kwamba yuko tayari. Ndugu Elinaza alikuwa nyuma yangu anasuuza mabakuli, na niliona mikono yake imesimama ndani ya maji.

Marselino alifikiri kwa uzito unaostahili.

"Bado, Ndugu Katibu," alisema. "Kichwa changu kizito. Hapo kwenye honi sijaelewa vizuri."