Rafiki Yangu Mwenye Goti

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka hamsini na tisa kwa mafaili ya ofisi. Kwa hesabu ya marehemu mama, zaidi. Mimi ni bawabu wa idara hii ya serikali. Nimeona wakurugenzi wakija kwa mbwembwe na kuondoka kwa kunyata. Wengine nimewazika. Nimeishi kuliko lifti, kuliko mti wa uani, kuliko mabawabu wenzangu wote. Kiti cha mlangoni ni changu.

Leo Mkuu wa Utumishi katuita ukumbini. Eti wagonjwa wanaigharimu serikali. Mtu akilala kitandani analipwa, na anayemshikia kazi naye analipwa. Kwa hiyo kaletwa Mshauri, binti mpole mwenye miwani, kapewa chumba chenye makochi na birika. Mwenye maumivu au mawazo aende akaseme mapema, kabla hajaanguka. Watu wakapiga makofi. Mimi? Thubutu! Ukiona vyaelea, vimeundwa. Serikali imenikalisha kwenye mbao maisha yangu yote, leo inipe kochi? Wanatafuta wabovu wawatupe.

Goti langu la kushoto limevimba kama papai. Hajui mtu. Mama Chai, anayetupikia chai, kaniuliza mbona napanda ngazi kama kaa. Nikamwambia nafanya mazoezi.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu: kusimama. Mtu anayesimama kutwa, nani atamwita mgonjwa? Nimesimama tangu kufungua mlango. Nimetabasamu kwa meno yote niliyobakiwa nayo.

Dereva kanitazama sana. Huyu namjua! Mgongo wake umechoshwa na barabara, anakimezea mate kiti changu. Kasema, mzee, kaa basi, kiti kinapoa. Nikamjibu kipoe, na yeye ameze mate taratibu asije akapaliwa. Kacheka. Mwenye nia safi hacheki hivyo.

Nyumbani mke wangu kanikanda kwa maji ya moto. Kasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia akande goti, sikio aliache.

Alhamisi, 7 Machi

Karani wa masjala kaingia kwa Mshauri akilia, katoka akicheka. Wanatia nini kwenye birika lile? Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nikaingia kwa niaba ya rafiki.

Binti akaniamkia kwa adabu. Nikamwambia nina rafiki, anasumbuliwa na goti. Akauliza anafanya kazi wapi. Nikasema mlangoni, ila si mlango huu. Je, analala? Halali. Anaogopa nini? Hapo maneno yakanitoka bila kupangwa: anaogopa akiondoka hata kidogo, atarudi akute kiti kina mtu, na hakuna atakayekumbuka nani alikuwa akikikalia.

Binti akanimiminia chai.

Kisha akasema, mwambie huyo rafiki yako, baba, atibiwe sasa. Atapumzika kwa mshahara kamili na kiti kitamngoja. Akingoja aanguke, ndipo atalala muda mrefu. Nikaahidi kufikisha ujumbe. Nikanywa chai, nikaegemea kochi kulipima tu. Nikaamshwa ofisi inafungwa. Nilijua! Chai ile ina kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi ya viungo uani, wafanyakazi wote, Mkuu mbele yetu. Nafasi yangu ya kuwafunga midomo! Nikajipanga nyuma yake kabisa, kila jicho lione.

Ikaja kuchuchumaa. Vijana wakachuchumaa nusunusu, wanaogopa kuchana suruali. Mimi nikashuka hadi chini, kishujaa. Kushuka, sawa. Kupanda, goti likagoma. Nikashika kilichokuwa karibu. Kilikuwa Mkuu. Tukaanguka sote, yeye chini, mimi juu. Mguu wake ukateguka. Dereva akaja mbio kuninyanyua (nani alimtuma?) na mgongo wake ukalia kama bawaba kavu.

Daktari katupumzisha wote watatu, na wote kwa mshahara. Mama Chai kasema, baba, ungekaa tu tangu Jumanne, serikali ingeuguza goti moja. Wivu.

Jumatatu, 11 Machi

Niko nyumbani, goti ndani ya bandeji. Mshauri kaja kunijulia hali, kaleta machungwa. Kauliza rafiki yako anaendeleaje. Nikasema hajambo, anakusalimu. Kacheka, mke wangu naye kacheka. Lao moja hao!

Kasema nisihofu, kiti changu hakikaliwi na mtu. Mama Chai kakifunika kwa shuka jeupe.

Shuka jeupe! Mimi nimehudhuria mazishi mengi. Najua kinachofunikwa kwa shuka jeupe.

Basi kesho, mke wangu akienda sokoni, natoka kwa mlango wa nyuma. Fimbo yangu kaificha, nitatumia mpini wa fagio. Nitakifunua kiti. Sitakikalia, wasije wakasema mgonjwa. Nitasimama kando yake, kutwa.

Haya yote ni kweli tupu. Mke wangu ni shahidi, japo ataongeza ya kwake. Mkuu wa Utumishi ni shahidi, alikuwa chini kabisa, aliona vizuri. Na hao wakikana, muulizeni rafiki yangu mwenye goti. Huyo hajawahi kusema uongo.