Paipu Kumi na Mbili za Chepkosgei

Wewe unayesoma haya, uliona. Mwaka wa hamsini na nne, Zacheus fundi wa paipu alipokuwa akichuna wenye hoteli kutoka Londiani mpaka Kapkatet, ulikuwa papo hapo, ukainama kujifanya unafunga kiatu. Haijasahaulika.

Zacheus alizaliwa kota za reli. Ng'ombe alimjua akiwa kwenye sahani. Siku moja alikuwa akinywa chai kwa Chepkosgei, mjane mwenye hoteli Kapkatet, akasikia madereva wa malori ya chai wakinung'unika: baridi yote hii na hakuna maji moto ya kuoga, afadhali wahamie hoteli ya jirani. Na hoteli ya Chepkosgei ndiyo iliyolisha watoto wake watano. Zacheus akaweka kikombe chini kwa heshima kubwa, kama mtu aliyeitwa kuhubiri.

"Mama, dawa ni pipa juu ya jiko, na paipu mpaka bafu. Kama bangalo ya mzungu."

Akapima kwa hatua, akazunguka nyumba mara mbili, zizi likiwemo. Kisha akaandika, kwa Kiingereza cha kutisha: paipu kumi na mbili, valvu tatu, ada ya kukagua mvuke. Malipo, ng'ombe wawili. Akamsomea.

Chepkosgei akachukua kamba ya katani, akaivuta kutoka jikoni mpaka bafu, kisha akaipima kwa paipu moja ya fundi.

"Mimi naona nne."

"Maji moto hupanuka, mama. Yanataka nafasi."

"Na huo mvuke, utaukagua ukiwa wapi?"

Zacheus akakohoa. "Kwa sababu ni wewe, ng'ombe mmoja."

"Kwa paipu nne? Bado ni wizi."

"Basi tafuta fundi mwingine." Alijua hayuko, labda Kericho mjini.

Mama akatazama madereva, akatazama zizi. "Haya. Maji yakishapata moto, ingia zizini uchague mwenyewe."

Kazi ilichukua siku tatu, na paipu zilikuwa nne. Madereva wakaoga wakiimba. Zacheus akachagua ng'ombe wa mabaka, mnono kuliko wote, akamswaga kuelekea mnada wa Kiptere huku akipiga mluzi. Hakufika mbali. Mzee Kiplangat alikuwa amekaa kando ya njia, fimbo magotini.

"Kijana, ng'ombe wangu unampeleka wapi?"

"Wako? Huyu ametoka kwa Chepkosgei."

"Ndiyo. Wote wa zizi lile niliwaweka kwake mimi. Aliniambia utapita."

Wakipsigis, wenyeji wa huko, hutawanya ng'ombe wao kwenye mazizi ya marafiki, ugonjwa usije ukawamaliza wote pamoja. Mwenye zizi hunywa maziwa. Ng'ombe hubaki wa mwenyewe. Kila mtoto wa Kapkatet anajua. Kota za reli hawafundishi.

Zacheus akarudi mikono mitupu. "Mama, umenichezea."

"Mimi nilikuuliza paipu moja moja. Wewe uliuliza ng'ombe ni wa nani?" Akaonyesha kwa kidole. "Haki ya paipu nne na siku tatu ni mbuzi wale wawili. Hao ni wangu. Kaa kwanza unywe chai."

Akanywa. Akawachukua.

Nawe una karatasi ya bei ya fundi wako chini ya godoro, uliona haya kuuliza. Itoe. Nenda kwake leo, kabla hajafungua mfuko wa vyombo, mwambie aandike bei kando ya kila kitu, na usitoke mlangoni pake mpaka amalize.